Mpango wa kurudisha wakimbizi wa ndani: venye utausoma na venye utahakikisha jina lako halijaachwa nje

Wacha niseme hii kitu mapema juu ndio kila kitu. Kila mpango wa serikali wa kurudisha makwao watu waliotoroka fujo ama mafuriko, wenye unasomwa kwa redio na una jina tamu, ukiukuna kidogo utapata ni orodha ya majina. Pesa hufuata orodha, mabati hufuata orodha, shamba hufuata orodha. Jina likikosa hapo utabaki ukiskiza taarifa ya saa moja ukijiuliza ni wakimbizi wagani hao wamesaidiwa na wewe uko hapa na sufuria mbili.

Hii nilijifunza 2008, wakati wa ile fujo ya baada ya uchaguzi. Tulitoka upande wa Burnt Forest na mama na ndugu zangu wawili, tukaingia Nairobi alfajiri kwa lori ya viazi, tukashukia kwa shangazi Kariobangi, chumba kimoja watu tisa. Kambi hatukuwahi kuingia. Wenye walikuwa Jamhuri Park kwa uwanja wa maonyesho waliandikwa, wakapata hema na unga, sisi tulionekana tumefika kwa watu wetu basi shida imeisha. Baadaye serikali ilipohesabu ikapata watu 663,921 walitoroka makwao, na karibu nusu yao walikuwa kama sisi, wamejibana kwa jamaa ama wamekodisha vyumba mjini. Wakatuita waliotangamana na jamii. Jina zuri kabisa, lakini ndio lilitufanya tukose. Operesheni Rudi Nyumbani ilipoanza tarehe 5 Mei 2008 kulikuwa na shilingi 10,000 za kuanzia maisha kwa familia na 25,000 kwa wenye nyumba ziliharibiwa, na wengi wetu hatukuziona, na hata 2013 vile familia zilizokuwa bado kambini zilipewa 400,000 kila moja ili kambi zifungwe, sisi wa vyumba vya kukodisha tulikuwa watazamaji.

Kwa hivyo hii naandikia wewe umetoroka fujo ama umebomolewa, ama uko kwa kamati ya mtaa na watu wanakuuliza wafanye nini. Sitaki mtu mwingine apotee kwa hesabu vile sisi tulipotea.

Anza na kujua sheria inakuita nani

Kuna sheria ya 2012 ya wakimbizi wa ndani, jina lake ni refu sana na hakuna mtu analimaliza, lakini ukisema tu Sheria ya IDP ya 2012 ofisa ataelewa. Haisemi lazima ulale kwa hema. Mkimbizi wa ndani ni mtu amelazimika kuacha makao yake na hajavuka mpaka wa nchi, iwe ni vurugu, mafuriko, ama mradi mkubwa wa maendeleo. Kwa hivyo mtu wa Mathare mwenye mto ulibeba nyumba yake Aprili 2024 na mtu wa Eldoret wa 2008 wako ndani ya sheria moja. Mtu ametoka Sudan Kusini ama Kongo huyo ni mkimbizi wa nje na ana sheria yake ingine ya 2021, msichanganye mafaili.

Sheria hiyo inakupa milango mitatu: urudi ulikotoka, ubaki hapo ulipo ujengewe maisha hapo, ama upelekwe mahali pengine papya. Na wewe ndio wa kuchagua, ukiwa umeelezwa kila kitu na bila kusukumwa. Hapa simama kidogo, juu mipango mingi husukuma mlango mmoja tu, ule wa kurudi, kwa sababu ndio rahisi kwa serikali na picha inatoka vizuri kwa gazeti, watu wanapanda lori wakipunga mikono. Mwaka wa 2008 kuna watu walilalamika wametolewa kambini kabla wawe tayari, na wengi hawakufika hata kwa mashamba yao, waliishia kwa kambi ndogo karibu na huko, wanalima mchana na kulala kwa hema usiku juu ya woga. Ukiulizwa unataka gani na wewe hujaamua, sema hujaamua na uombe iandikwe hivyo. Pia unaweza kuomba watu wachache watumwe kwanza waende kuona hali ilivyo warudi waseme. Na usidanganywe ukisema unataka kubaki Nairobi umejitoa kwa mpango, hiyo ni moja ya ile milango mitatu.

Faili

Hii fanya wiki ya kwanza, hata kama unalala sakafuni kwa mtu, hata kama bado unalia. Nenda kituo cha polisi upate abstrakti ya vitu vilivyopotea na kuchomwa, na usiandike tu kitambulisho kimepotea, taja nyumba, ng'ombe, cherehani, vitabu vya watoto, taja vyote vile unakumbuka juu hiyo karatasi ndio itakuwa shahidi wako miaka kumi baadaye ukiwa umesahau. Kitambulisho kitengenezwe upya Huduma Centre, iko GPO, Makadara, Eastleigh na Kibra, na ukiwa umefungua hiyo safari maliza na vyeti vya watoto vya kuzaliwa hapo hapo.

Barua ya chifu unahitaji mbili. Moja ya chifu wa ulikotoka kuonyesha ulikuwa unaishi huko, na moja ya chifu wa uliko sasa kuonyesha ulifika lini na unakaa kwa nani. Ile ya kwanza ni ngumu kuipata kama chifu mwenyewe alikimbia ama ndio alikuwa na wale waliowafukuza, basi tafuta kitu kingine chenye kina jina lako na pahali: kadi ya kliniki ya mtoto, ripoti ya shule, risiti ya maziwa ya kiwanda, kitabu cha chama, bili ya stima, kadi ya ushirika. Mama yangu alikuwa na risiti za maziwa za miaka mitatu kwa mfuko wa plastiki ndani ya begi ya nguo, alizibeba akaacha viatu, na hizo ndizo zilikuja kutusaidia kuliko kitu kingine chochote.

Alafu piga picha ya kila kitu na ujitumie kwa WhatsApp ama imeili, na utoe kopi huko saiba, moja umwachie mtu unamwamini kanisani ama msikitini. Laini ya simu usibadilishe. Watu wamekosa pesa juu walitumiwa ujumbe kwa laini walitupa.

Kwa watu wa Nairobi kuna shida ya aina yake, na ndio mipango mingi huikanyaga. Hapa mjini mtu anaweza kuwa na vyumba nane vya mabati Mathare ama Kibera na hana taito, yaani hati ya ardhi, hata ya futi moja, juu ardhi ni ya serikali ama ya mtu mwingine kabisa. Wakati wa ile fujo ya 2008 kuna wenye vyumba walifukuzwa na wapangaji wao, vyumba vikachukuliwa na watu wakakaa bila kulipa. Sasa ukija na mpango unasema utalipa mwenye ana taito pekee, huyu wa vyumba bila taito amekosa kabisa, na mpangaji aliyechomewa kitanda na friji ya biashara naye hata hajatajwa. Kwa hivyo kama uko kwa kamati na mnasoma rasimu ya mpango, tafuteni neno mpangaji na neno mwenye jengo. Hayako? Hapo ndio mahali pa kupigia kelele.

Siku ya kuandikishwa

Baraza la chifu likiitwa usitume mtu, nenda mwenyewe. Kuandikishwa ni bure. Kutakuwa na kijana pale mlangoni na kalamu anakwambia kwa mia tano jina lako litaingia mbele, mwambie asante na upite, juu hata yule amelipa hana njia ya kujua kama ameandikwa ama ameliwa.

Jina liandikwe sawa na kitambulisho, herufi kwa herufi. Ulizia nambari ya fomu na uiandike kwa mkono, kwa daftari, mahali popote, na jina la ofisa amekuandika na tarehe. Uliza pia uandikishaji unafungwa lini, juu kuna wakati ulifungwa watu wakiwa bado wanaskia kwa majirani kwamba umefunguliwa. Kama unakaa kwa jamaa, sema wazi, usione aibu, sema mko wangapi kwa hicho chumba na mwenye nyumba ni nani wako. Na kama mko familia mbili ndani ya nyumba moja msikubali kuandikwa kama moja.

Alafu hii ya mume na mke. Fomu nyingi zina nafasi ya mkuu wa familia na bila kuuliza wataandika mwanaume. Nimeona pesa ikitoka, mzee akaichukua akapanda matatu, mama akabaki na watoto wanne na hakuna ofisi ilitaka kumskiza juu familia yao ilikuwa imeshalipwa. Kina mama, ulizeni majina yenu yote mawili yaandikwe, na nambari za vitambulisho zote mbili, na kama ni shamba linatolewa basi hati iwe na majina mawili. Mjane aandikwe kwa jina lake, si la marehemu wala la shemeji. Watoto wenye wamebaki peke yao wana haki ya kuandikwa pia, tafuteni ofisa wa watoto aende nao.

Na msingoje serikali iwahesabu. Jihesabuni wenyewe kwanza. Huku Nairobi si kitu kigeni, Muungano wa Wanavijiji, ule umoja wa watu wa mitaa ya mabanda, wamefanya hii kazi miaka mingi, wakaazi wenyewe wanapita mlango kwa mlango Huruma, Mathare, Mukuru, wanaandika nani anakaa wapi na ana nini. Daftari moja, safu sita: jina, kitambulisho, alikotoka, alipoteza nini, anakaa wapi sasa, nambari ya fomu ya serikali. Mkiwa na hiyo mkaenda kwa ofisi ya naibu kamishna wa kaunti mkasema sisi tuko familia 214 na kwa orodha yenu tunaona 130, mazungumzo yanabadilika, juu mnaongea kwa hesabu na yeye pia lazima ajibu kwa hesabu. Kitu moja tu, hiyo daftari isipigwe picha ikatupwa kwa gruup. Kuna watu kwa orodha wenye waliowachoma ni majirani zao, na bado wanawatafuta. Hata orodha ya ukutani kwa ofisi ya chifu ombeni iwekwe nambari za fomu badala ya majina.

Kusoma mpango wenyewe

Mkishapata hiyo karatasi, iwe ni ya kurasa tano ama mia, usianze na utangulizi, huko kuna maneno ya amani na umoja tu. Nenda moja kwa moja kwa pesa. Chukua jumla ugawanye na familia. Tuseme, ni mfano tu, wanasema bilioni 2 kwa familia 100,000, hiyo ni shilingi 20,000 kwa familia. Sasa ita fundi wa mtaa umuulize hiyo inajenga nini, mabati, mbao, misumari, usafirishaji na siku zake za kazi. Zile 25,000 za 2008 zilikuwa zinaitwa za kujenga nyumba na kila fundi alijua hata choo haitoshi vizuri, lakini hakuna fundi aliulizwa. Kuna vikundi viliona hiyo ni mchezo wakachanga zile 10,000 zao wakanunua vishamba pamoja, kama huko Maai Mahiu, ploti ndogo ndogo kabisa lakini ni zao.

Baada ya pesa tafuta ardhi. Kama mnapelekwa mahali papya, Sheria ya Ardhi ya 2012 ina sehemu ya makazi mapya na hazina yake ya kununulia ardhi, na inasema kuwe na kamati ya kaunti ndogo ya kuchagua nani anapewa. Ulizeni kamati ni akina nani na ilikaa lini. Ulizeni nambari ya ploti na mfanye sachi, yaani kuangalia kwa rekodi ardhi ni ya nani, kabla mtu hajahama, kama ni Nairobi inafanywa kwa Ardhisasa, ule mtandao wa serikali wa ardhi. Ardhi iliyo na kesi kortini si zawadi. Na majirani wa huko wameulizwa? Hii watu huisahau kabisa, lakini kuna mahali lori za wakimbizi zilifika zikapata wenyeji wamesimama barabarani wanasema hii ardhi tulikuwa tumeiomba sisi miaka ishirini. Ile sheria ya IDP yenyewe inataja jamii zilizoathirika, si wakimbizi peke yao, na mpango mzuri utaweka kisima ama zahanati yenye hao wenyeji pia wanatumia.

Angalia pia majengo dhidi ya watu. Uganda kaskazini, baada ya vita vya Kony na waasi wake, walikuwa na mpango wao mkubwa uliozinduliwa 2007, ukaelemea sana upande wa ujenzi, barabara na madarasa na vituo vya polisi. Si vibaya, barabara inahitajika. Lakini mtu anarudi kwa shamba lenye limemea msitu, hana jembe hana ng'ombe, anapita kwa barabara mpya akiwa na njaa. Kwa mpango wenu angalieni ni ngapi inaenda kwa kontrakta na ni ngapi inaenda kwa mkono wa mtu.

Halafu tarehe. Mei ni mwezi mbaya wa kumrudisha mkulima wa Bonde la Ufa, masika imeshaanza na mahindi ilitakiwa iwe imeshapandwa, na hivyo ndivyo wengi walirudishwa 2008. Kwa mtu wa mjini tarehe ni ya shule na ya biashara. Toi Market, lile soko la mitumba karibu na Kibera, ilipochomwa kwa ile fujo ya baada ya uchaguzi wafanyabiashara hawakuwa na muda wa kungoja mpango, walirudi wakaanza kusimamisha vibanda wenyewe, na hiyo ndiyo kujenga upya kwa Nairobi vile ninaijua mimi: mtu wa mitumba akikaa miezi sita bila kibanda hana wateja tena. Kama mpango hauna kitu ya biashara ndogo kwa miezi mitatu ya kwanza, huo umeandikwa na mtu anayelipwa mwisho wa mwezi.

Usalama sitaongea sana. Kituo cha polisi kipya ni kizuri lakini uliza nani atakaa ndani na kama ni wale wale walikuwa wanaangalia tu watu wakichomewa.

Shika kalenda ya bajeti

Ahadi bila bajeti ni hotuba. Ile taarifa ya sera ya bajeti ya serikali kuu lazima ifike Bunge kabla ya tarehe 15 Februari, makadirio yenyewe kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa pesa unaanza Julai 1. Kamati ya bajeti hukusanya maoni ya wananchi kati ya hapo, na maoni yanaweza kuwa barua ya ukurasa moja. Kaunti nayo ina mpango wake wa mwaka wenye unapelekwa kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, hapo ndio mnapeleka habari ya maji, zahanati, soko. Mkienda mwezi wa Juni mmechelewa, pesa imeshagawanywa, mtapewa soda na kuambiwa maoni yenu yamechukuliwa.

Ukiachwa nje

Usiende kupiga kelele kwanza, andika barua. Katiba kifungu cha 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinakupa haki ya kuuliza, kwa Kiswahili ama Kiingereza, bila ada ya maombi, na kama hujui kuandika ofisa anapaswa kukusaidia kuandika. Wana siku 21 za kujibu, wanaweza kuongeza 14 mara moja tu. Kama ni jambo la uhai wa mtu ni saa 48. Andika hivi:

"Mimi ni mkaazi wa ___. Nilihama kutoka ___ mwezi wa ___ mwaka wa ___ kwa sababu ya vurugu, na niliandikishwa kwa fomu nambari ___. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016 naomba kujua: vigezo vilivyotumika kuchagua familia; idadi ya familia zilizoandikishwa kutoka eneo letu; pesa zilizotengwa na zilizolipwa kufikia leo; na kama jina langu liko kwa orodha, na kama haliko, sababu."

Usiombe orodha nzima ya majina, watakupiga na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na kusema ukweli hapo wako sawa, nimeshasema juu ya hatari yake. Omba idadi na jina lako.

Kuna ofisi moja nilipeleka barua ya kikundi mara tatu, kila mara naambiwa faili iko kwa mtu mwingine, mara ya nne nikaenda na kopi nikaomba muhuri na tarehe, na ghafla faili ikapatikana. Siku zikipita bila jibu ama jibu likiwa la kukutupa nje, una siku 30 kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, watu wanaiita Ombudsman, ofisi iko Westlands kwa Waiyaki Way na pia wana dawati kwa baadhi ya Huduma Centre, na hawalipishi. Kwenda kortini kunawezekana lakini ni safari ndefu: manusura wa dhuluma za kingono za 2007 na 2008 walifungua kesi yao 2013 Mahakama Kuu hapa Nairobi na hukumu ikaja Desemba 2020, wanne kati ya wanane wakapewa milioni 4 kila mmoja. Zaidi ya miaka saba. Anza na Ombudsman, na ukienda beba kopi mbili za kila karatasi, moja wabaki nayo, ingine wapige muhuri urudi nayo nyumbani.